Mzazi, Iache Penseli Mkononi mwa Mtoto

Kuna daftari moja la hesabu ambalo halijanitoka kichwani. Lilikuwa la kijana wa darasa la nne hapa Tanga, limevikwa jalada la gazeti na nailoni juu yake, safi, halina hata pembe iliyokunjika. Kila Jumatatu lilifika mezani kwangu na maswali kumi ya kazi ya nyumbani, yote kumi amepata. Darasani, kijana huyohuyo nikimpa maswali matano ya aina ileile alipata moja, na siku nyingine hakupata hata hilo. Nilimuuliza kulikoni, akainamisha kichwa. Nilipomwita mzazi, niliambiwa kwamba nyumbani anafanya vizuri, labda akinikabili mimi anaingiwa na hofu.

Kisha baba yake akasafiri kwa wiki mbili. Jumatatu iliyofuata daftari likaja na maswali kumi, yote amekosa.

Nilikuwa nimeshainua kalamu nyekundu nilipogundua kwamba makosa yenyewe yamefanana. 402 kutoa 178, kaandika 376. 500 kutoa 236, kaandika 336. Ukifanya mwenyewe utapata 224 na 264. Sasa mfuate mtoto safu kwa safu. Kwenye mamoja alikuta 2 kutoa 8. Aliona 2 haitoshi, akageuza, akatoa 2 kwenye 8, akapata 6. Kwenye makumi alikuta 0 kutoa 7, akageuza tena, akaandika 7. Kwenye mamia ilikuwa 4 kutoa 1, hapo hapakuwa na shida, akaandika 3. Swali la pili vivyo hivyo, na la tatu, mpaka la kumi. Mtoto huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni aliyojitungia, na aliifuata kwa uaminifu mkubwa: toa ndogo kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Habari ya kukopa kumi kutoka safu ya jirani ilimpita, sijui siku hiyo alikuwa anaumwa au mimi mwenyewe niliharakisha.

Nilikaa naye saa ya mapumziko siku tatu mfululizo, na vijiti nilivyovifunga kumikumi kwa mpira. Nilimwekea mafungu manne na vijiti viwili vya peke yake, nikamwambia anipe vijiti vinane. Akanipa viwili, akaduwaa. Kisha polepole akashika mpira wa fungu moja, akaniangalia kama anayeomba ruhusa, akaufungua. Miezi mitano ya kazi zisizo na kosa hata moja ilikuwa imenificha jambo ambalo ukurasa mmoja wa makosa uliniambia kwa dakika chache.

Baba yule sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa akirudi kazini hoi, anamkuta mtoto ameinamia daftari, machozi yanamlengalenga, na saa inakwenda. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini machozi ya hesabu saa tatu usiku ni mazito, na kila mzazi anayajua. Mambo huanza kidogokidogo. Leo unamwambia, "Hapa andika nne." Kesho unasema, "Hebu lete nikuonyeshe," na penseli inahama mkono. Keshokutwa mtoto mwenyewe anakuletea daftari na penseli, kwa sababu ameshajua kazi hiyo ni ya nani.

Ombi langu kwa wazazi ni hili moja, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka. Mwache mtoto afanye mwenyewe. Akikosa, akose, na kosa lake lifike shuleni likiwa zima. Kosa lile ni barua anayoniandikia bila kujua, kunieleza ameelewa wapi na wapi amepotea. Ukilifuta nyumbani, barua imechanwa kabla sijaisoma.

Hapo wengi huniuliza: kwa hiyo mwalimu, sisi tukae tu? Hapana. Kazi ya mzazi ipo, tena kubwa, ila haifanywi kwa penseli.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Watoto wetu wa pwani wana siku ndefu. Asubuhi shule, mchana chakula, alasiri chuo cha Kurani, jioni maji na dukani, na mara swala ya Magharibi imefika. Wengine juu ya hayo wanapelekwa tuisheni, wakirudi giza limeshaingia. Kazi ya nyumbani inasukumwa mpaka usiku, na usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mwaka 2016 chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi kilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Chukua mtoto wa Dar es Salaam anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule. Hesabu saa tisa kurudi nyuma. Alitakiwa awe amelala saa mbili usiku. Na mzazi wake anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala au Bunju, saa mbili usiku ndiyo kwanza anashuka kituoni. Akifika akamwamsha mtoto, "Njoo tufanye homuweki," anamnyima usingizi ambao ndio ungelishikilia somo la mchana lisimponyoke.

Kwa hiyo kazi ifanyike kabla hujarudi. Najua hilo linawatia hofu wazazi, nani atamsimamia? Lakini saa maalumu husimamia kuliko mtu. Mtoto akishakula na kupumua, kabla ya chuo au mara anaporudi, kila siku saa ileile, mahali palepale. Wiki mbili za kwanza ni za kukumbushana. Baada ya hapo mwili wenyewe unazoea, kama unavyozoea saa ya uji. Dada wa kazi, shangazi, au kaka mkubwa akisema tu, "Saa yako imefika," inatosha. Hatakiwi kujua hesabu.

Na iwe kwa muda gani? Harris Cooper, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Duke na aliyetumia miaka mingi kuchunguza suala hili, huunga mkono kipimo ambacho walimu wengi wa Marekani hukitumia: dakika 10 kwa kila darasa. Darasa la kwanza dakika 10, la tatu dakika 30, la sita saa nzima. Katika mapitio aliyoyachapisha na wenzake mwaka 2006, yaliyokusanya tafiti za kuanzia 1987 hadi 2003, uhusiano kati ya kazi ya nyumbani na kufaulu ulionekana wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa msingi. China, nchi ambayo watoto wake walisifika kwa kukesha na vitabu, iliagiza mwaka 2021 kwamba wa darasa la kwanza na la pili wasipewe kabisa kazi ya kuandika nyumbani, na wa la tatu hadi la sita wasizidishe dakika 60. Nayaeleza haya kwa ajili ya mzazi anayekuja ofisini kulalamika kwamba shule yetu haitoi kazi nyingi kama shule ya mtoto wa jirani. Wingi wa kurasa usikutie wivu. Mtoto wa darasa la pili aliyesoma kwa sauti dakika kumi na tano akaenda kucheza, amefanya kazi yake.

Muda ukiisha, daftari lifungwe hata kama maswali hayajaisha. Chora mstari chini ya swali la mwisho alilofika, andika saa. Basi. Mwalimu mwenye busara akiona mstari ule atajua kwamba ama kazi ilikuwa nyingi mno, ama mtoto amekwama.

Mahali napo pana maneno yake. Watoto wa Ngamiani hapa Tanga wengi hawana meza wala chumba cha kujisomea, na sitaki mzazi yeyote ajione ameshindwa kwa sababu hiyo. Nimewaona wakilala kifudifudi barazani, madaftari sakafuni, watatu wanne wa nyumba mbalimbali, na kazi inakwenda vizuri. Baraza ina mwanga wa jua na ina macho ya watu wazima wanaopita. Ninachoogopa mimi ni kibatari. Moshi wake unauma macho na kifua, na nimeshashika daftari lililoungua pembeni, nikawaza kilichokuwa karibu nalo. Kama umeme haupo au umekatika na huna taa ya sola, bora mtoto alale, aamke kukipambazuka amalizie. Na televisheni ya sebuleni izimwe kwa nusu saa ile. Tamthilia haitaharibika, na mtoto hataweza kugawanya huku sikio moja liko kwenye ndoa ya watu.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye vikao vya wazazi husemwa kwa kupitia kando. Kazi ya nyumbani ya shule inagombania muda na kazi za nyumbani zenyewe, na anayeumia ni mtoto wa kike.

Niliwahi kufundisha kaka na dada waliofuatana, wa nyumba moja, darasa moja, kwa sababu kaka alirudia mwaka. Madaftari yao niliyaweka pamoja mezani na yalikuwa yakisimulia jioni ya nyumba ile. La kaka lilikuwa na mwandiko uleule kutoka swali la kwanza hadi la mwisho. La dada lilianza vizuri kabisa, herufi zimesimama wima. Swali la tatu limeandikwa kwa kalamu nyingine. Kati ya la tatu na la nne kuna alama ya kidole yenye mafuta. La tano mistari inapanda na kushuka, na la sita limeishia katikati ya neno. Mtoto yule aliitwa mara tatu ndani ya maswali sita: nazi ikunwe, mtoto abebwe, vyombo vioshwe. Na mwisho wa muhula, mama yao akaniambia kwa masikitiko kwamba binti "hana akili ya shule kama kaka yake."

Mama, nilimwambia, badilisha zamu kwa mwezi mmoja. Kaka aoshe vyombo na kuchota maji siku tatu, dada siku tatu, na nusu saa ya daftari isiguswe na mtu, hata kama nazi haijakunwa. Alikubali shingo upande, na baba alinuna kidogo kumwona mwanawe wa kiume akisugua sufuria. Sitadai kwamba binti akawa wa kwanza darasani. Ila mwandiko ulinyooka mpaka swali la mwisho, na hilo kwangu lilitosha kumrudia mama na kumwonyesha. Ukitaka kujua kama nyumba yako inawapa watoto haki sawa ya kusoma, uliza jana usiku vyombo aliosha nani.

Wala sisemi watoto wasifanye kazi. Mtoto anayepima mchele kwa kibaba, anayetumwa gengeni na noti ya elfu mbili na kurudi na chenji sahihi, anayekadiria ndoo ngapi zitajaza pipa, anasoma hesabu. Mpe nafasi ayaseme. "Nyanya za mia tano, kitunguu cha mia mbili, wamekurudishia ngapi, na umejuaje?" Hilo la pili, umejuaje, ndilo lenye thamani.

Nimekutana na wazazi, na hasa mabibi, wanaojitoa kabisa katika suala hili kwa kuwa hawakusoma. "Mwalimu, mimi sijui a wala be, nitamsaidia nini?" Kwao nina kisa cha bibi mmoja wa Makorora, muuza vitumbua, ambaye mjukuu wake alikuwa msomaji mzuri kuliko wote katika darasa langu la pili. Nilimuuliza siri yake. Akasema kila jioni, wakati anachambua mchele wa kuloweka, mjukuu hukaa kigodani na kumsomea. Bibi hajui herufi, lakini Kiswahili anakijua kuliko mimi. Mtoto akisoma "mkulima alipanda muhindi" badala ya "mahindi", bibi anasimamisha mkono. "Alipanda nini? Muhindi anapandwa? Hebu rudia." Mtoto anarudi kwenye neno, analiangalia upya, anajirekebisha. Sikio la bibi lilifanya kazi ya kalamu nyekundu. Maneno yakikosa maana yeye anajua, na kinachobaki ni mtoto kutafuta kwenye ukurasa amekosea wapi. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kumsikiliza mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne akisoma, awe amesoma au hakusoma.

Kwa masomo mengine, maneno ni mawili tu: "Nifundishe mimi." Mtoto afunge daftari akueleze kwa nini mvua hunyesha, au mizizi ina kazi gani. Usiogope kwamba hujui kama anasema kweli. Akibabaika, mwenyewe atafungua daftari kuangalia, na huko kufunga na kufungua ndiko kusoma kwenyewe. Kuna ushahidi wa hili. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walichapisha mwaka 2006 majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walikisoma kifungu tena na tena. Wengine walikisoma, kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki, waliojikumbusha wenyewe ndio waliobaki na mengi zaidi. Bibi wa kuchambua mchele na maprofesa hawa wanakutana mahali pamoja.

Ndiyo maana pia nusu saa ya kila siku inaishinda Jumapili nzima. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana yoyote, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya tunachokariri hutuponyoka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau inapungua. Kurudia kidogo siku ya pili, tena baada ya siku chache, kunakamata kilichokuwa kinatoroka. Mtoto anayesubiri Jumapili jioni ili afanye kazi za wiki nzima huwa anajifunza upya mambo aliyoyajua Jumanne.

Niwageukie wanafunzi wenyewe, hasa mlioingia kidato cha kwanza, kwa sababu najua kinachowapata. Umetoka shule ya msingi ya Serikali ukijua "usanisinuru" na "kipenyo", na ghafla kila kitu ni Kiingereza. Mwalimu anatoa maswali matano, wewe unaelewa nusu ya swali la kwanza. Asubuhi kabla kengele haijagongwa kuna foleni kwenye daftari la mmoja aliyefanya, na nyote mnadesa, pamoja na makosa yake ya tahajia. Nimeshaona madaftari arobaini yenye neno moja lililokosewa kwa namna moja.

Fanya hivi badala yake. Soma swali, tafuta maneno mawili au matatu usiyoyajua kwenye kamusi, halafu jisemee jibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamweleza mdogo wako. Ukiweza kulisema, umelielewa. Kilichobaki ni lugha, na lugha inatafutika. Andika sentensi mbili za Kiingereza chako mwenyewe, hata kikiwa kibovu. Sentensi yako mbovu ina faida kuliko aya safi ya mwenzako, kwa sababu mwalimu atairekebisha yako na wewe utaona palipobadilika. Usipojua kabisa, andika: "Nimeshindwa kuanzia hapa," na uweke alama pale ulipoachia. Mwalimu mzuri hatakucheka.

Na simu? Siku hizi swali linapigwa picha, linatumwa kwenye kundi la WhatsApp au kwenye programu ya akili mnemba, jibu linarudi kabla chai haijapoa. Mimi sikatai simu. Lakini ile programu inayokuandikia jibu zima ni sawasawa na yule baba aliyeshika penseli. Daftari litakuwa safi, mwalimu hatapata habari yoyote kuhusu wewe, na siku ya mtihani wa Taifa utakaa peke yako. Jaribu kwanza robo saa. Ukikwama, iulize simu hatua moja tu, hiyo iliyokukwamisha, kisha iweke kando umalizie mwenyewe.

Walimu wenzangu, nasi tuna letu, na hili ni zito kwangu kwa sababu nimelikosea. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiwasimamisha nje ya darasa wote ambao hawakumaliza kazi ya nyumbani. Niliona ndiyo nidhamu. Msichana mmoja wa darasa la sita alisimama nje Jumatatu, akasimama Jumanne, Jumatano hakuja. Hakuja wiki nzima. Nilipofika kwao nilimkuta akimwosha mama yake aliyekuwa mgonjwa kitandani, na wadogo zake wawili wako uani. Hakuwa na mtu wa kumwachia kazi ile. Na alikuwa amesema kwa majirani kwamba shule atarudi akishamaliza maswali, kwa sababu mwalimu hataki mtu ambaye hajamaliza. Mimi ndiye niliyemfunga mlango, kwa maswali kumi ya sehemu. Tangu siku hiyo sijamwadhibu mtoto kwa kazi ya nyumbani ambayo haikufanyika. Namuuliza jana jioni ilikuwaje, faragha, na jibu lake ninaliamini mpaka nione vingine.

Tupunguze pia maswali. Fanya hesabu hii ya mwalimu mwenye darasa la watoto 90, na baadhi yetu tuna zaidi. Ukitumia dakika mbili kwa kila daftari, ni dakika 180, saa tatu kamili, kwa somo moja, kwa siku moja. Haiwezekani. Matokeo yake tunatoa maswali ishirini, tunapiga tiki kubwa moja inayovuka ukurasa mzima, na mtoto anajua hatukusoma. Kazi isiyosahihishwa inamfundisha mtoto kwamba haina haja. Toa maswali matatu, uyachague vizuri: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja lenye mtego. Asubuhi yasahihishwe ubaoni pamoja, watoto wakibadilishana madaftari, na wewe uchukue safu moja tu ya madaftari kila siku uyasome kwa makini. Katika wiki utakuwa umelipitia darasa lote. Kwangu, safu moja iliyosomwa vizuri imeniletea makosa kama lile la 376 mara nyingi kuliko tiki zote nilizowahi kupiga.

Kuhusu kazi zinazomtaka mzazi anunue na kuchapisha, tujifunze kwa majirani. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, kilio kikubwa cha wazazi kilikuwa ni kazi za kupeleka nyumbani: picha za kuchapisha madukani, vifaa vya kununua, vitu vya kutengeneza ambavyo mzazi ndiye aliyekesha navyo. Nia ya mtaala ilikuwa mtoto atende kwa mikono yake. Mzazi akanunua na kutenda kwa niaba yake. Sisi nasi tangu 2024 tumeanza kutumia mtaala mpya unaotaka mtoto atende zaidi, na ninawasihi wenzangu: kabla hujatoa kazi, jiulize kama mtoto wa mvuvi wa Sahare anaweza kuifanya kwa vifuu, kamba na mchanga wa nje kwao. Kama hawezi, ibadilishe.

Nimalizie na daftari jingine, la mjukuu wa yule bibi wa vitumbua, mwaka mmoja baadaye akiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimetoa maswali manne ya kuzidisha. Mawili yamefanywa. La tatu limeanzwa, tarakimu moja tu, kisha mstari umechorwa kwa rula, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe uliokuwa unalala kuelekea kulia, pameandikwa: "Bibi anasema niandike hivi. Saa imeisha na macho yanafumba. Sijui saba mara nane." Nikapiga tiki mbili kwenye yale mawili, nikaandika tarehe, na wenzake walipotoka kwenda kunywa uji nikamwita mezani tuanzie kwenye saba mara nane.